Waliohama na Waliorudi: Habari za Mwambao wa Ziwa Mweru

Usiku usio na mbalamwezi, mtu asimamaye ufukoni Kashikishi, mji ulioshikana na Nchelenge kaskazini mwa Zambia, huona mbele yake taa nyingi zikielea juu ya maji, na akiwa mgeni hudhani ni mji wa ng'ambo ya pili katika nchi ya Kongo. Si mji. Ni taa za wavuvi wa chisense, samaki wadogo walio jamaa ya dagaa wa Kigoma, ambao huvutwa na mwanga mpaka wakaingia wavuni. Asubuhi akina mama na watoto huwaanika mchangani, kisha magunia hupakiwa malorini kwenda miji ya machimbo ya shaba, upande wa Zambia na upande wa Kongo vilevile. Kwa wingi wa watu waliojaa ufukoni saa hizo za asubuhi, ni vigumu kusadiki kwamba mwambao huo ulipata kuachwa bila watu, kwa amri ya serikali, kwa muda wa zaidi ya miaka kumi.

Habari za kuongezeka na kupungua kwa watu aghalabu huelezwa kwa mifano ya Ulaya ya Magharibi, na sababu yake si kwamba Wazungu walizaliana au kufa kwa namna ya ajabu kuliko watu wengine. Sababu ni karatasi. Uingereza iliamuru mapadri waandike ubatizo, ndoa na maziko ya kila parokia tangu mwaka 1538. Sweden ilianza kukusanya hesabu za watu wa nchi nzima mwaka 1749. Uingereza na Wales zilifanya sensa ya kwanza mwaka 1801, zikapata watu wasiotimia milioni 9. Miaka mia baadaye walikuwa milioni 32 na nusu. Ufaransa, jirani yao wa ng'ambo ya mlango wa bahari, haikuongezeka hata kwa nusu yake katika miaka hiyohiyo mia moja, kwa kuwa Wafaransa walianza mapema zaidi kuzaa watoto wachache. Na Ireland ilipungua. Mwaka 1841 ilikuwa na watu milioni 8 na laki 2. Viazi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini, vikaoza mashambani kwa ugonjwa tangu 1845; kama watu milioni moja wakafa, na wengine kiasi hichohicho wakapanda meli. Sensa ya 1851 ikakuta milioni 6 na nusu. Hata leo, kisiwa chote kikihesabiwa pamoja, hakijarudia idadi ile ya 1841.

Nchi tatu jirani, zenye mvua moja na dini zinazofanana, zikapita njia tatu mbalimbali. Jambo hilo lafaa likumbukwe na kila asemaye kwamba watu huongezeka tu kama majani wakati wa masika.

Mwambao wa Mweru haukuwa na parokia za kuandika ubatizo. Una masimulizi, na masimulizi yake ni mazuri. Wazee husimulia juu ya Nachituti, dada yake Nkuba, mkuu wa Washila, watu wa uvuvi waliokuwa wakilitawala ziwa. Nkuba alimwua mwana wa Nachituti. Mama yule akaenda kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda waliokuwa wamekuja kutoka magharibi, akaomba alipiziwe kisasi. Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti akamkabidhi Kazembe nchi na maji. Ndiyo maana Walunda husema wanatawala kwa zawadi ya mwanamke, si kwa mkuki peke yake. Ufalme huo uliota mizizi katika bonde la Luapula katikati ya karne ya 18, na Walunda ndio wanaosifiwa kwa kuustawisha muhogo katika bonde hilo. Muhogo ulitoka Amerika kama viazi vya Waireland vilivyotoka huko. Hukaa ardhini mpaka uhitajiwe, haudai ghala, na askari wa adui hawezi kuuteketeza kwa siku moja kama ateketezavyo ulezi ghalani. Mahali penye muhogo na samaki watu hujazana.

Walijazana kiasi gani? Hapa ndipo yaanzapo matatizo. Mfanyabiashara wa Kireno, Manuel Caetano Pereira, alifika kwa Kazembe mwaka 1796, akarudi na habari za jeshi la askari elfu 20 waliofunzwa. Daktari Livingstone aliyefika Mweru Novemba 1867, na kumkuta Mwata Kazembe mwingine, aliona ni shaka kama mtawala yule angeweza kukusanya hata watu elfu moja wa kwenda vitani, tena wa kuokotaokota. Asomaye haraka huhitimisha kwamba katika miaka sabini watu walikwisha. Lakini mwanajeshi yeyote ajuaye tofauti ya askari waliopo kwenye gwaride na askari waliomo katika orodha atasita kidogo. Pereira alikuwa mfanyabiashara aliyetaka Wareno wa Tete wavutiwe na safari hiyo, na mtu wa namna hiyo hapunguzi hesabu. Livingstone, kwa upande wake, aliuona mji mkuu katika siku mbaya, chini ya mtawala aliyekatisha watu masikio na mikono kwa adhabu, hata raia wengi wakapendelea kukaa mbali naye. Kukimbia si kufa. Ni kosa ambalo wahesabu watu hulirudia kila zama: huona vibanda vitupu, wakaandika makaburi.

Hata hivyo, hapana shaka kwamba nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa ya msiba. Msiri, mtu wa Usumbwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania, alikuwa amejenga ufalme wake Garenganze, magharibi ya Luapula, na kuinyakua biashara ya shaba na pembe iliyokuwa ikimtajirisha Kazembe. Misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani ilipita ikinunua pembe na watu. Kisiwa cha Kilwa, kilichomo ndani ya ziwa na kuitwa kwa jina lile lile la mji wa kale wa pwani ya Tanzania, kilikuwa ngome ya mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Simba. Watu walijifungia ndani ya vijiji vyenye maboma ya magogo, mashamba ya mbali yakarudi kuwa pori. Ndui nayo ilipita na misafara. Idadi ya waliochukuliwa haikuandikwa na mtu, na kila tarakimu inayotajwa ni ya kukisia. Ila Kiswahili kinachosikika hata leo katika masoko ya ziwani ni ushahidi kwamba njia zile zilikanyagwa sana.

Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walipatana mpaka wao upite katika Luapula na katikati ya Mweru. Mwata Kazembe aliyekataa kutii alishambuliwa mwaka 1899. Baada ya hapo ikaja hesabu ya kwanza ya kiserikali, nayo haikuwa hesabu ya watu bali ya vibanda, kwa kuwa kila kibanda kilidaiwa kodi. Tarishi wa boma alihesabu milango, kisha karani akazidisha kwa kiasi cha watu aliowadhania kukaa katika nyumba moja. Mtu mwenye akili timamu hakumwonyesha tarishi kila mlango. Kijana asiye na fedha alilala shambani msimu mzima. Kwa hiyo takwimu za miaka ile hupima mambo mawili kwa pamoja, wingi wa watu na ustadi wao wa kujificha, na hakuna hesabu iwezayo kuyatenganisha.

Ndipo ulipoingia ugonjwa wa malale. Ulikuwa umekwisha kuua zaidi ya watu laki mbili katika mwambao na visiwa vya ziwa Viktoria upande wa Uganda tangu mwaka 1900, na serikali ya huko, chini ya Gavana Hesketh Bell, ilianza kuwaondoa watu wote karibu na maji. Yule mbung'o aenezaye malale ya namna ile hukaa kwenye vichaka vya kando ya mito na maziwa. Mwondoe mtu majini, akawaza Gavana, na mdudu atakosa damu yenye ugonjwa. Habari zilipofika kwamba malale yameonekana upande wa Kongo na katika bonde la Luapula, utawala wa Kampuni ya Rhodesia ya Kaskazini-Mashariki uliiga mfano huo. Tangu 1906 amri zilifuatana. Vijiji vya kandokando ya Luapula na Mweru vikahamishwa hadi nyandani, uvuvi ukakatazwa, na kuvuka kwenda ng'ambo kukawa kosa. Boma la Kalungwishi, lililokuwa karibu na ziwa, likafungwa, na kazi zake zikapelekwa Kawambwa. Marufuku haikuondolewa mpaka mwaka 1922.

Waliotekeleza amri hizo hawakuwa Wazungu wawili watatu wa bomani. Walikuwa matarishi na askari Waafrika, ambao wengine walikuwa na mama na wakwe katika vijiji vilevile walivyotumwa kuvihamisha. Yafaa jambo hili lisemwe katika ukurasa usomwao na watu wenye sare. Amri haikuwa ya ukatili kwa nia. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na dawa ya kuutibu kwa hakika haikuwapo. Lakini familia iliyozoea samaki kila siku, muhogo katika udongo wa bonde, na chumvi na vyombo kutoka ng'ambo, iliwekwa juu ya nyanda kavu kuanza upya kukata miti na kulima. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kuhama alitimiza umri wa kusuka nyavu bila kuuona wavu. Maziko ya wazee yaliachwa nyuma, na kwa watu ambao haki ya kukaa mahali hutokana na nani aliyezikwa hapo, hilo halikuwa jambo dogo. Watu waliiba njia ya kurudi usiku kuvua, wakakamatwa, wakarudi tena.

Tena hesabu yenyewe ya kitaalamu ilikuwa na ufa. Mwaka 1910 wanasayansi walitambua namna nyingine ya vijidudu vya malale, kutoka kwa mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, namna ambayo huenezwa na mbung'o wa misituni, yule afuataye wanyama wa porini. Basi mtu aliyeondolewa majini kwa kuepushwa na mbung'o wa vichakani aliweza kupelekwa moja kwa moja kwenye pori la mbung'o wa pili. Na pori hustawi mahali ambapo watu hawalimi. Ufuko ulioachwa bila majembe kwa miaka kumi na kitu haukuwa salama zaidi mwisho wake kuliko mwanzo.

Katikati ya miaka hiyo vikaja vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi wa Rhodesia ya Kaskazini walibeba unga na risasi hadi mpaka wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, wengi wasirudi. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, na homa ya mafua makali ya mwaka ule ikapita vijijini hata kabla wapagazi hawajapokelewa makwao. Watu waliporuhusiwa kurudi Mweru mwaka 1922 walikuwa si wale walioondoka, kwa idadi wala kwa afya.

Lakini bonde lilijaa tena, na lilijaa kwa haraka, kwa sababu ya soko. Machimbo ya Katanga yalihitaji chakula. Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville na kuanzishwa mwaka 1910, ilikula samaki wa Luapula; wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga, upande wa Kongo, walinunua kila kilichovuliwa. Samaki aliyesifiwa kuliko wote alikuwa mpumbu, aliyepanda mto kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga. Nyavu za makini zilizotandwa mtoni zilimkuta akiwa amejaa mayai. Ilipofika miaka ya 1940 na 1950 mpumbu alikuwa amekwisha, kwa kiasi ambacho vijana hawasadiki wazee waelezapo makundi yale.

Vijana wakafuata njia ya samaki mpaka mjini. Na hapa, kwa mara ya kwanza, zipo tarakimu za kutegemewa. Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika wote wa Rhodesia ya Kaskazini ilifanywa mwaka 1963. Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa zimewahesabu wao mwaka 1948. Luapula ilikuwa na watu kama 357,000. Sensa iliyofuata, ya Zambia huru, mwaka 1969, ilikuta kama 336,000. Katika miaka sita ya amani, nchi ikiwa imepata uhuru, zahanati zikijengwa na watoto wakizaliwa kwa wingi, mkoa ulipungukiwa na watu zaidi ya elfu 20. Katika miaka hiyohiyo mkoa wa machimbo, Copperbelt, uliongezeka kutoka kama 544,000 hadi kama 816,000. Hiyo ilikuwa Ireland ndogo isiyo na njaa. Hakuna aliyelia kwa kuwa hakuna aliyekufa; basi lilikuja likaondoka, na kila lilipoondoka lilichukua mtu mwenye nguvu za kulima. Waliobaki ni bibi, watoto wadogo, na mke aliyeambiwa angoje barua.

Familia za askari zinaijua barua hiyo. Mtu aliyepo Kitwe huandikwa Kitwe, na mkewe huandikwa Nchelenge, na katika vitabu vya takwimu hao ni watu wa mikoa miwili, ingawa ni chungu kimoja. Dawati la shule na dawa ya zahanati hupangwa kwa kufuata mahali ulipolala usiku wa sensa. Mkoa unaopungua katika karatasi hupungukiwa na vitu hivyo pia, kisha kupungukiwa kwenyewe huwa sababu ya watu wengine kuondoka. Waziri wa fedha hawezi kulaumiwa sana kwa kufuata tarakimu, atafuata nini?

Mambo yaligeuka tena. Bei ya shaba ilianguka katika miaka ya 1970, na machimbo yalipouzwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990 wafanyakazi wengi waliachishwa kazi. Kati ya 1990 na 2000 Copperbelt haikuongezeka sana, wakati Luapula iliongezeka upesi: waliohama walikuwa wakirudi, na watoto waliozaliwa mjini ambao hawakuwahi kushika kasia. Chisense ndiye aliyewapokea, kwa kuwa uvuvi wake, uliopata nguvu katika miaka ya 1980, hauhitaji zaidi ya taa, mtumbwi na wavu wa matundu madogo. Muhogo nao ulikuwa umeponea chupuchupu: wadudu weupe wanyonyao utomvu wa miche, walioingia kutoka Amerika ya Kusini, waliuharibu mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpaka walipoletwa nyigu wadogo wa asili ya Paraguay wanaotaga mayai ndani ya wadudu hao na kuwaua. Laiti Waireland wa 1845 wangalipata mtu wa kuwaletea dawa ya namna hiyo.

Mwaka 2010 mkoa ulihesabiwa watu 991,927, na mwaka 2022 ulipita milioni moja na nusu. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya watu wa 1969. Akina mama wa Luapula wako katika kundi la wazaao watoto wengi kuliko wenzao wa mikoa mingine ya Zambia. Kwa nchi nzima uchunguzi wa 2018 ulipata wastani wa watoto 4.7 kwa kila mwanamke, kiasi kisichopishana sana na cha Waingereza wa miaka ya 1870. Tofauti ni kwamba Mwingereza wa 1870 aliweza kumpeleka mwanawe wa nne Kanada au Australia bila kuulizwa hati. Mvuvi wa Nchelenge ana ziwa moja, lenye kilomita za mraba kama 5,000, ambalo hufungwa kwa uvuvi miezi mitatu ya mvua kila mwaka ili samaki wazae. Malaria ingali inaua watoto huko, na kambi za wavuvi, ambako watu hukaa bila ndugu wala wazee, zimeumizwa sana na UKIMWI.

Na watu wanazidi kuingia kwa njia nyingine. Vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1998 viliwaleta makumi ya maelfu ya wakimbizi, wakakaa kambi ya Kala wilayani Kawambwa na Mwange wilayani Mporokoso, zote mbili zikafungwa 2010. Mapigano mapya yaliwaleta wengine kuanzia Agosti 2017, wakivuka mpaka upande wa Chiengi. Kwanza walipokelewa Kenani, kisha mwaka 2018 wakapewa makao Mantapala, yote mawili katika wilaya ya Nchelenge. Wengi wao husema Kiswahili. Askari wa mpakani aliyewauliza majina yao, na karani aliyeyaandika, walifanya katika siku chache kazi ambayo hakuna aliyeifanya kwa wale waliohamishwa mwaka 1908: kila mtoto ana jina, tarehe ya kuzaliwa na jina la mamaye, katika kitabu.

Raia wenyewe wa mwambao hawajafika hapo. Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya wavuvi kisiwani Kilwa au Isokwe hupata cheti cha kuzaliwa baba akipata nafasi ya kupanda boti hadi bomani, na nafasi hiyo hungojea soko liwe baya au ziwa lifungwe. Hadi hapo kumbukumbu yake ni ya mama peke yake, kwamba alizaliwa usiku wa giza, taa zikiwa majini, na baba yake alikuwa mojawapo ya taa zile.